Jinsi nilivyogawa vifaa vyangu vya mlimani, na kisigino kilichobaki sakafuni

Kwa miaka 19 niliyofanya kazi ya kuongoza watalii Kilimanjaro, nyumbani kwetu Kibosho palikuwa na chumba kimoja ambacho mke wangu alikiita ghala la wazungu, na kwa kweli hakukosea. Mtalii hushuka amechoka, ana ndege ya usiku, na buti zake zimebeba matope ya msitu mzima. Akishatoa tipu hulitazama begi lake, hukunja uso, kisha hukuambia uchukue. Nami nilichukua. Nilichukua makoti ya mvua, makoti ya manyoya ya bata, fimbo za kupandia, mabegi ya kulalia, tochi za kichwani, soksi nene zilizopoteza wenzake, na hema moja kubwa la kulia chakula ambalo kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilitaka kulitupa. Vingine niliviuza soko la Memorial katika miaka ya shida, vingine niliwaazima vijana na sikuviona tena, lakini chumba hakikupungua.

Mke wangu alikitaka chumba hicho kwa ajili ya vifaranga. Mimi nilikuwa na sababu nyingine. Mwaka 2020, watalii walipokatika kwa sababu ya korona, mmoja wa wapagazi niliopanda nao kwa muda mrefu, mtu aliyezoea kututangulia kambi ya Barafu na kutupokea kwa wimbo, aliacha kutoka nje, akaacha kula, na mwishowe ndugu zake wakampeleka katika kituo cha afya ya akili kinachoendeshwa na masista. Nilikwenda kumwona mwezi Julai, wakati ambao huku kwetu ukungu unaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi. Nilimkuta barazani pamoja na wenzake, wamejitanda mashuka ya wodini mabegani, miguuni wana ndala. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulala katika kambi iliyo juu ya mita 4,600 alikuwa anatetemeka barazani, ilhali mimi nilikuwa na makoti yapatayo 30 yanayotafunwa na panya. Nilifanya uamuzi kabla sijafika barabarani.

Nilipoitangaza nia yangu, kila mtu alikuwa na ushauri. Shemeji yangu aliniambia nijaze viroba, nikodi toyo, pikipiki ya mizigo, nishushe mzigo langoni, nipige picha niondoke, kwa maana mwenye shida hachagui. Rafiki yangu mmoja aliniambia niuze vyote niwapelekee fedha taslimu. Huyu angalau alikuwa na hoja, lakini bei ya Memorial kwa koti lililotoboka naijua, na kwa fedha ile wasingepata hata sweta la mtoto. Nilimsikiliza shemeji, na hadi leo sijamsamehe kabisa.

Nilifika kituoni na viroba vinne vilivyofungwa vizuri. Niliamkia, "Tumsifu Yesu Kristo," na Sista msimamizi, ambaye pia ni muuguzi, akaitikia, "Milele amina. Karibu kaka, umetuletea nini?" Kwa majivuno ya mtu aliyeacha kuhesabu safari zake za kilele cha Uhuru zilipopita 200, nilitoa buti nzuri kuliko zote, ngozi inang'aa, soli haijalika hata kidogo, zilizokaa juu ya kabati langu miaka tisa bila kuvaliwa. Nilivua viatu vyangu, nikazivaa, nikamweleza jinsi ya kukaza kamba wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kisha nikapiga mguu chini ili asikie uimara wake. Mlio niliousikia ulikuwa wa mkate wa siku tatu unaovunjwa. Nilipoinua mguu, kisigino kilibaki sakafuni. Nilipiga hatua ya pili ili kuokoa heshima, na mguu wa kushoto nao ukaacha soli nzima, ikiwa imezungukwa na makombo meusi kama ya keki iliyoungua. Yule mpagazi wangu, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu kabla ya korona, alicheka mpaka akauegemea ukuta. Sista akaniuliza kwa upole kabisa, "Hizi ndizo zilizofika Uhuru, kaka?"

Baadaye nilielewa kilichotokea, na nashangaa kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyeniambia. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu la plastiki kati ya ngozi na soli ya chini, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kama kiatu hakivaliwi. Tena kinachowekwa kabatini huweza kuharibika vibaya zaidi, kwa sababu hakuna mguu wa kulikandamiza na kuutoa unyevu huo. Kwa hiyo kabla hujampa mtu buti za zamani, ikunje soli kwa nguvu na uibonyeze ukucha ubavuni. Ikiwa inanata au inatoa unga, buti hizo zimekwisha hata zingeng'aa namna gani. Zangu sikuzitupa. Nilimpelekea fundi viatu wa Kiboriloni jozi 14, akakwangua povu lote na kuzishonea soli za mpira wa tairi, ule ule wa katambuga. Alianza na elfu nane kwa jozi, na zilipofika jozi za mwisho tulielewana kwa elfu sita na soda. Haziwezi tena kwenda Uhuru, lakini kwenye bustani ya mboga ya kituo, ambako wagonjwa hufanya kazi asubuhi, hazina mpinzani.

La soli lilinichekesha baada ya muda. La kamba lilinitia aibu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimelifanya kwa bidii. Kwa usiku mbili mimi na mwanangu tulipitisha kamba mpya katika kofia na mapindo ya kila koti, na nilitarajia kusifiwa. Sista alilishika koti la kwanza, akaenda kuleta mkasi, akaanza kuzitoa kamba moja baada ya nyingine bila kunilaumu. "Wodini hatuweki vitu virefu vya kufungia, kaka," aliniambia, "wala mikanda, wala fimbo zenye ncha, wala majiko ya gesi." Nilikaa naye tukazitoa zote. Kisha alichana karatasi katika daftari la dawa akaniandikia anachokihitaji: sweta, soksi, makoti yenye zipu peke yake, mikeka ya sponji kwa ajili ya mazoezi ya asubuhi, na buti za bustani. Vitu vitano. Kama ningempigia simu kwanza, jambo ambalo shemeji alisema ni kumsumbua mtu wa Mungu, ningebeba kiroba kimoja.

Nilirudi nyumbani na viroba vitatu na ushei, na hapo ndipo nilipokutana na balaa la mabegi ya kulalia. Nilikuwa nayo saba, ya manyoya ya bata, yana harufu ya miguu ya mataifa yote, na sikutaka kumpa mtu kitu kinachonuka. Dobi mmoja wa mjini alinihakikishia kwamba mashine yake hufua hata mazulia. Alilifua la kwanza kwa sabuni ya unga kali pamoja na kile kimiminika cha kulainishia nguo, na aliponikabidhi lilikuwa bado linachuruzika. Mimi nikaliinua kwa ncha moja, kama mtu anayetoa shuka kwenye beseni. Maji na manyoya yote yalishuka upande mmoja kwa kishindo, kuta za ndani zikachanika kwa mlio ninaoukumbuka mpaka leo, na nikabaki nimeshika ganda tupu refu lenye donge moja kubwa mwishoni, mfano wa chatu aliyemeza mbuzi. Tulilianika siku nne migombani. Halikukauka, lilinuka bata aliyelowa, na kila nilipolitikisa madonge yaligonga kama viazi ndani ya gunia.

Yale sita yaliyobaki niliyaokoa mwenyewe, na hili nitalisimulia kwa kirefu kwa sababu najivunia. Niliomba pipa ambalo mama mkwe hutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi, nikiahidi kulirudisha safi. Nilitumia sabuni ya mche iliyokunwa, kidogo sana, katika maji ya vuguvugu, nikayakanyaga mabegi kwa miguu taratibu, nikayasuuza mara nne mpaka povu likaisha. Kuyatoa majini nilipitisha mikono yote miwili chini yake na kuyabeba kama mtoto mchanga. Niliyalaza juu ya chandarua kilichofungwa baina ya mibuni, ili hewa ipite juu na chini, na kila baada ya saa moja niliyageuza na kuvunja madonge kwa vidole. Siku ya tatu yalikuwa makavu lakini bapa kama chapati. Nilikuwa nimesikia kwamba wenye mashine za kukaushia hutia mipira ya tenisi humo ndani ili iyagonge manyoya yafumuke. Mimi sina mashine, lakini nina watoto wa jirani. Nililitia kila begi ndani ya chandarua kilichoshonwa kama gunia, nikaweka mipira minne, nikawapanga watoto wawili upande huu na wawili upande ule, wakalirusharusha juani huku wakihesabu mpaka mia. Malipo yalikuwa biskuti. Jioni mabegi yalikuwa yamevimba kuliko nilivyoyapokea kwa wenyewe. Mama mkwe, kwa upande wake, anadai kwamba mbege iliyofuata ilikuwa na povu lisiloeleweka.

Hata hivyo mabegi hayo hayakwenda kituoni, kwa kuwa wodi ina vitanda na blanketi, na begi linaloweza kumlinda mtu usiku wa kwenda kileleni, penye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, ni hasara kuliweka mahali ambapo shida ni ukungu wa asubuhi. Niliyapeleka kwa KPAP, mradi wa hapa Moshi unaowaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, pamoja na makoti mazito na glavu. Watu wanaona mpagazi amebeba kilo 20 za kampuni hawaulizi amevaa nini; mimi niliyelala hema moja na vijana wenye sweta moja najua.

Makoti mepesi ya mvua na mabegi ya mgongoni ya siku moja niliwapa wahudumu wa afya ya jamii wanaopanda na kushuka vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, kuwatembelea wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa. Wazo hilo lilikuwa la Sista, si langu. Dada mmoja kati yao alikuwa akibeba dawa za watu katika mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wake wa kanisani, na masika yanapoanza alilazimika kusubiri mvua ipite kwa saa nzima chini ya upenu wa mtu. Tochi za kichwani pia walizichukua zote. Zipu zilizokuwa zikifunguka zenyewe nilizitengeneza kwa koleo, kwa kukibana kidogo kile kichwa cha zipu kinachoteleza pande zote mbili, kisha kuzipaka mshumaa. Usibadilishe zipu nzima kabla hujajaribu hivyo, kwa sababu fundi cherehani hatakuambia.

Hema kubwa lilinipa taabu ya mwisho. Utando wake wa ndani wa kuzuia mvua ulikuwa umeanza kubanduka na kunata, na ulinuka matapishi, jambo ambalo huyapata mahema mengi yanayokunjwa yakiwa na unyevu. Tuliusugua wote kwa brashi na maji ya sabuni mpaka ukatoka, hivyo halizuii mvua tena, ila kivuli linatoa. Mpira wa ndani ya nguzo ulikuwa umekatika, nikaweka ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sasa husimamishwa kwenye uwanja wa shule wauguzi wanapokuja kwa huduma ya mkoba, na wanaokuja kuchukua dawa za mwezi hawasimami tena juani wakitazamwa na kila anayepita, jambo ambalo kwa ugonjwa huu lina uzito kuliko jua lenyewe. Mpagazi wangu, ambaye alirudi nyumbani mwaka uliofuata, ndiye anayelisimamisha, kwa kuwa anasema mimi nguzo naziinamisha.

Kwa gharama, ukichanganya fundi, toyo safari tatu, sabuni na biskuti, nadhani nilitumia laki mbili au laki mbili na nusu. Mke wangu anasema ni laki tatu. Chumba alikipata mwezi Mei, na vifaranga 200 wakaingia wiki ile ile. Baridi ya Juni ilipokuja, alilichukua lile begi la kwanza, lenye donge, akalipasua kando na kulitandaza juu ya boksi lao usiku, na hakufa hata mmoja.