Moscow kabla ya treni ya Vladivostok

Treni yetu ya kwenda Vladivostok, mji wa bandari mashariki ya mbali ya Urusi, ilipangiwa kuondoka karibu na usiku wa manane kutoka kituo cha Yaroslavsky, hivyo baada ya kukabidhi mizigo tulikuwa na mchana kutwa wa kuitembea Moscow. Uwanja Mwekundu na kanisa la Mtakatifu Basil lenye kuba za rangi nyingi vinastahili sifa zake, ingawa msongamano wa wapiga picha ulituchosha upesi.

Kilichonivutia zaidi kilikuwa chini ya ardhi. Reli ya mjini ilifunguliwa mwaka 1935, na stesheni ya Komsomolskaya ya mwaka 1952, iliyo chini ya uwanja wenye vituo vitatu vikubwa vya treni, ina dari ya manjano iliyonakshiwa kwa vijiwe vya rangi vinavyoonyesha mashujaa wa vita vya Urusi, pamoja na mataa yanayoning'inia kama ya ikulu, huku wenyeji wakipita haraka bila hata kuinua macho (nasi tukiwazibia njia).

Jioni tulinunua mkate mweusi, jibini, matango, majani ya chai na tambi za pakiti, kwa kuwa kila behewa lina birika kubwa la maji ya moto, na safari ya kilomita 9,288 hadi Vladivostok huchukua takriban juma zima.