Nilivyomtibu paka wangu minyoo

Paka akikonda huku tumbo limetuna, jirani yeyote hapa Tanga atakwambia, "Huyo ana minyoo, mpe dawa." Sawa, lakini dawa ipi? Kidoti wangu alikuwa na aina mbili kwa mpigo. Alitapika mnyoo mweupe, mrefu kama kidole, ukiwa bado unajipinda sakafuni. Siku hiyo hiyo nikaona manyoya ya chini ya mkia yamegandwa na chembe mithili ya punje za mchele, na moja ilikuwa inatambaa.

Vyote nilivitia kwenye kichupa nikampelekea daktari wa mifugo. Afadhali hivyo kuliko kumsimulia. Ule mrefu, akasema, ni mnyoo wa duara, ambao paka wengi huupata wakiwa wadogo kwenye maziwa ya mama. Zile chembe ni vipande vya tegu, mnyoo bapa kama utepe. Piranteli huua minyoo ya duara ila tegu haimwezi. Tegu dawa yake ni prazikwanteli. Akaandika kidonge chenye dawa zote mbili, kipimo kikifuata uzito. Nyumbani sina mizani, basi tukaenda kwa muuza samaki: Kidoti ndani ya kikapu, kikapu kikapunguzwa kwenye hesabu. Hakuwahi kupenda matibabu kama siku ile.

Kidonge chenyewe ni kichungu, ukikificha kwenye dagaa anakula dagaa anakutemea kidonge. Nilimviringisha kwa khanga, kichwa tu nje, nikakisukuma nyuma ya ulimi, nikamfuatishia maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Baada ya wiki 2 nikarudia, kwa kuwa viluwiluwi, yaani minyoo ya duara ikiwa bado michanga, vilivyo ndani ya misuli na viungo vingine havifi kwa dozi ya kwanza.

Tegu ndiye msumbufu, maana paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Viroboto wakibaki, tegu atarudi tu. Matandiko yake niliyafua kwa maji ya moto, pembe za nyumba nikazifagia, na shingoni nikamdondoshea dawa ya viroboto ya paka. Ya paka, narudia: nyingi za mbwa zina permethrini, na hiyo huweza kumuua paka.

Mchanga wa choo chake nauzoa kila siku, nikishamaliza nanawa kwa sabuni. Mayai ya mnyoo wa duara huhitaji wiki kadhaa nje kabla hayajaweza kuambukiza, na nyumbani kuna mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.