Kutu ya ngano imenifikia
Juzi nimetoka shamba suruali nyekundu magotini nikadhani ni vumbi la barabara, kumbe ni kutu jamani, ule ugonjwa wa ukungu wa ngano, ukipitisha kidole kwa bua unabaki na unga rangi ya matofali. Afisa wa kilimo akakata vipande akaweka kwa bahasha ya karatasi, sio nailoni, ati vitaoza kabla vifike maabara wajue ni aina gani. Ndo akanieleza Ug99, aina moja kali ya hiyo kutu, ilionekana Uganda 1998 ikaingia kwetu Kenya, Ethiopia, 2006 iko Yemen, 2007 Iran, upepo tu unabeba, haina paspoti 😅 Na hapo Njoro, kwa kituo cha utafiti, watafiti wanapanda ngano za nchi kibao makusudi zishikwe na kutu waone gani itasimama. Mimi dawa nilichelewa kupiga, ekari mbili naziangalia tu.