Pingi ya London

Mwaka 2008 nilikuwa fundi katika intaneti kafe moja ya Magomeni, Dar es Salaam. Mtandao wetu ulitoka kwenye setilaiti, kwa dishi lililofungwa juu ya paa. Kila Ijumaa jioni alikuja bibi mmoja mwenyeji wa Pemba kuongea na mwanawe aliyeko London. Akiuliza, "Watoto hawajambo?" kimya. Akidhani hakusikika anarudia, na papo hapo jibu la swali la kwanza linaingia. Wanagongana, wote wawili wananyamaza, kisha wanaanza tena kwa pamoja.

"Mwanangu, simu hii ina nini?" akaniuliza.

Bosi alikuwa ameshalipia kifurushi kikubwa mara mbili ya kile cha zamani. Mafaili yalishuka haraka kweli, lakini bibi na mwanawe waligongana vilevile. Usiku mmoja, baada ya kufunga, nilizima kompyuta zote nikabakiza moja. Nikaipingi ruta yetu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na mtandao; yaani niliitumia pakiti ndogo ya data nikapima muda wa kwenda na kurudi: milisekunde 1, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nikaipingi seva ya London: 640. Nikarudia: 625, 638. Foleni haikuwepo, na bado pakiti moja ndogo ilitumia zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi.

Nikachukua kalamu. Setilaiti za aina ile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: kilomita 144,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 480 zinaliwa na safari ya angani peke yake. Bosi alinunua barabara pana; urefu wake ulibaki uleule. Niliupenda mtandao tangu usiku ule, kwa kuona umbali wa mbinguni ukisomeka kwenye skrini nyeusi.

Ijumaa iliyofuata nikamwambia, "Shikamoo bibi. Leo ukimaliza kusema, sema 'haya', kisha msubiri." Wakaelewana.

Mkongo wa SEACOM, kebo ya intaneti iliyolazwa chini ya bahari, ulizinduliwa Julai 2009, nasi tukaunganishwa baadaye. Ndani ya kioo cha mkongo mwanga hupungua mwendo hadi kama kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini njia ya chini ya bahari ni fupi mno kuliko ile ya angani. Pingi ya London ikashuka chini ya 200. Bibi alipokuja, alimkatiza mwanawe katikati ya sentensi, akamgombeza kwa kutotuma picha za wajukuu, naye akajitetea hapo hapo.