Duka la watu wawili, deni la kila mmoja

Hapa Lubumbashi ni kawaida: watu wawili wanachanga, wanakodi depo ya simenti katika commune ya Kenya, humu humu mjini, wanaanza kuuza. Ukiwauliza statuts (katiba ya kampuni) ziko wapi, wanacheka. "Sisi si kampuni, ni marafiki tu." Sheria ya OHADA, yaani sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika Kongo tangu Septemba 12, 2012, haina habari na urafiki wenu. Mkiishi kama wabia bila kuandikisha chochote, siku jaji anapotambua ubia huo anawapima kwa kanuni za SNC, yaani société en nom collectif: kila mbia anabeba madeni yote, bila mpaka.

Tuseme kila mmoja aliweka dola 3,000. Mwenzako akachukua simenti ya dola 12,000 kwa mkopo, mvua ikailowesha. Muuzaji halazimiki kugawa deni lake. Kama wewe ndiye mwenye nyumba, atakudai wewe dola zote 12,000. Kazi ya kumfuata mwenzako akulipe 6,000 ni yako, na huenda wakati huo hana hata baiskeli.

Kuandikisha SNC hakuondoi mzigo huo, lakini kunaupa foleni. Mdai anaanza na kampuni yenyewe: huissier (afisa wa mahakama) anapeleka notisi, siku 60 zinapita bila malipo, ndipo wabia waguswe. Siku hizo ni nyingi kwa mtu mwenye stoku ya kuuza.

Mtaji wa chini haupo kisheria, kwa hiyo pesa si kisingizio. Mnaandika statuts (jina lenye SNC, makao, kazi, muda usiozidi miaka 99, alicholeta kila mmoja), kisha mnapita Guichet Unique (ofisi moja ya kuandikisha biashara) kwa RCCM (daftari la biashara), Id. Nat. (nambari ya utambulisho wa kitaifa) na nambari ya kodi. Kampuni inakuwa mtu kisheria siku inapoingia RCCM. Mkataba wa nyumba uliosainiwa kabla ya hapo unabaki shingoni mwa aliyesaini, mpaka kampuni iuchukue rasmi. Mume na mke hawawezi kuwa wabia pamoja katika SNC. Wengi wanagundua hilo mbele ya karani.

Sasa statuts zenyewe. Usinunue nakala ya kujaza majina tu. Zisipomtaja meneja, wabia wote ni mameneja. Mkiandika kwamba meneja asikope zaidi ya dola 1,000 peke yake, kifungu hicho kinawafunga ninyi kwa ninyi. Muuzaji aliyemwamini kwa nia njema bado anawadai. Kuuza hisa kunahitaji wote wakubali. Faida, msiposema lolote, inafuata kiasi cha mchango. Kwa hiyo anayelala depo akihesabu mifuko, huku mwenzake aliweka pesa nyingi na kukaa nyumbani, adai mgawo wake uandikwe mapema.

Kifo ndicho kifungu kinachorukwa kwa aibu. Mbia akifa, SNC inakufa naye, isipokuwa statuts zimesema inaendelea. Ikiendelea na warithi wakiwa watoto wadogo, hao wanabeba madeni kwa kiasi cha urithi tu, na kampuni ina mwaka 1 kugeuzwa kuwa société en commandite, ambamo baadhi ya wabia wanabeba madeni kwa kiasi cha mchango wao tu. Mwaka ukipita bila mabadiliko, inavunjwa.