Begi langu mwenyewe: maandalizi ya Nepal hadi sasa

Septemba

Jana nimemaliza safari ya njia ya Machame, mlimani kwetu Kilimanjaro, na wageni wanane, leo nimefungua daftari hili. Mradi wenyewe ni huu: wiki kumi Nepal, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, begi mgongoni, na begi liwe langu. Nimekula kwa Kilimanjaro miaka 11, minne ya kwanza nikiwa mgumu (sisi wa Moshi hatujiiti wapagazi), saba nikiwa gaidi, yaani "guide", mwongoza wageni. Nje ya nchi nimefika Namanga tu, ng'ambo ya pili, kununua betri.

Kwa nini Machi? Kwa sababu masika ndiyo njaa yetu. Aprili na Mei mvua inapiga, wageni wanakatika, tunabaki vijiweni tukihesabiana madeni. Miezi hiyohiyo kule ni msimu, maana mvua yao kubwa huanza Juni. Wana msimu mwingine Oktoba, lakini Oktoba siwezi kuigusa. Watoto wangekula nini?

Nilipomwambia mama, aliuliza swali moja: "Mwanangu, kwani mlima huu umekwisha?" Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazitazama sana. "Na huko nako kuna baridi?" Ipo, mama. "Sasa unafuata nini?"

Sijampa jibu bado.

Oktoba, katikati ya safari mbili

Pasipoti: 150,000. Kitambulisho cha taifa ninacho, cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimeliwa na mchwa, kwa hiyo nimeanzia huko. Kwenye fomu kuna sehemu ya kazi. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kuandika "gaidi", kama tunavyoitana kijiweni kila siku, nikaushika kwenye herufi ya pili. Nimeandika mwongoza watalii. Fikiria pasipoti ya namna hiyo pale uwanja wa ndege wa Doha.

Novemba

Vuli. Safari zimepungua, nimekaa na ramani.

Nitaanza na mzunguko wa Annapurna, njia ya miguu inayozunguka milima ya jina hilo. Siku hizi barabara imefika hadi Manang na wengi wanapanda jipu kufupisha. Mimi nataka nianzie chini kabisa, Besisahar, mita 760, nipite mashamba ya mpunga kwanza kama sisi tunavyopita migomba. Manang yenyewe iko mita 3,540, chini kidogo ya kambi yetu ya Horombo, na watu hupumzika pale kabla ya kupandisha. Halafu ndiyo njia ya Thorong La, upenyo kati ya milima, mita 5,416. Kwa Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, bado ni chini kwa mita 479, na hilo limenifanya nitembee kifua mbele nyumbani kwa siku mbili. Siku ya tatu nikakaa chini kuhesabu usiku nitakaolala juu ya mita 3,500. Kwetu mgeni hupelekwa kileleni, akapiga picha, akateremshwa mbio. Kule nitakaa juu kwa siku nyingi mfululizo. Kifua mbele kimerudi mahali pake.

Kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 kwa mgeni, na kadi ya watembea milima ni 2,000. Viza napata uwanjani Kathmandu, dola 125 kwa siku 90.

Jambo lililonichekesha kuliko yote ni kwamba tangu Aprili 2023 serikali yao inataka mgeni atembee na mwongoza njia mwenye leseni. Kwa hiyo gaidi anatafuta gaidi. Wenzangu kijiweni wameniambia nifanye ujanja, wengine wanapenya. Sitaki. Nimeshuhudia mlimani kwetu watu wanaojiona wanajua, na nimewabeba wakishuka. Halafu siku moja ya gaidi wa kule ni chakula cha nyumbani kwake, kama siku yangu. Nimempata mmoja, tumekubaliana dola 30 kwa siku.

Desemba

Vifaa. Msimu umefumuka, wageni wa Krismasi, kwa hiyo naandika kifupi.

Memorial, soko letu la mitumba, nimepata jaketi la manyoya kwa 45,000, zipu nzima. Mabuti ninayo mawili, yote niliachiwa na wageni, moja namba 43 na jingine 44. Mguu wangu ni 43 asubuhi na 44 jioni.

Slipingi begi nimepigwa. Muuzaji, simtaji, alinihakikishia inastahimili nyuzi 15 chini ya sifuri, na kibandiko kilisema hivyo. Nililala nayo kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, nikatetemeka hadi saa tano, saa ya kuwaamsha wageni. Kumbe kibandiko kimeshonewa juu ya kingine. Laki na ishirini imekwenda na maji. Nimeifanya kitanda cha mbwa, naye haipendi.

Januari

Leo nimepima begi kwa mizani ya samaki ya jirani: kilo 17.

Nilikaa nikaitazama ile namba. Mlimani mzigo wa mgumu una kikomo, kilo 20, unapimwa getini, na miaka minne nilibeba hizo kichwani pamoja na vya kwangu bila kulalamika. Wageni nimewateta sana. Mmoja alikuja na pasi. Mwingine alibeba vitabu sita. Sasa na mimi nina mashati manne, sufuria, dira ambayo sijui kwa nini nimeinunua, na kilo mbili za unga wa sembe. Unga! Niende Nepal, kwa watu wanaokula wali na dengu na kuongezewa hadi ushibe, nimebeba sembe.

Nimetoa vitu sebuleni, mama watoto akiwa hakimu. "Hii?" Toa. "Hii?" Toa. Tumefika kilo 11 na nusu. Sembe imebaki robo kilo, kwa siri.

Wapagazi wa kule hubebea utepe upitao kwenye paji la uso, unaitwa namlo, na shingo ndiyo inayofanya kazi. Nimejaribu kwa kanga na ndoo ya maji. Shingo iliniuma siku tatu.

Chanjo ya homa ya manjano nimepata. Kadi huanza kufaa baada ya siku 10 na hudumu maisha yote. Bima ndiyo imenitesa: nyingi zinaishia mita 3,000 au 4,000, hata shimo la choo cha Barafu lingekuwa nje ya mkataba. Nimepata moja inayofika 6,000, na helikopta imo.

Februari, wiki ya mwisho

Tiketi imelipwa, kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Daftari la akiba limebaki jembamba, ila la nyumbani sikuligusa, na mama watoto analikagua.

Jana gaidi wangu wa kule amenitumia fomu ya afya. Je, una pumu? Je, umewahi kufika juu ya mita 5,000? Ikiwa ndiyo, mara ngapi? Nimehesabu kwenye madaftari ya kazi nikapata 163. Kisanduku kinapokea tarakimu mbili tu.

Nimeandika 99. Amejibu leo asubuhi, maneno machache: twende polepole hivyohivyo.