Mnaocheka picha zangu za masufuria, leo nawajibu

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na mlio nje kama mie. Juzi mtoto wa ami yangu kaniandikia kwenye gurupu la familia, mbele ya watu wazima, eti dada umefika Uingereza kazi yako kupiga picha birika na sahani, wenzio wanapiga Big Ben, ule mnara wa saa wa London. Watu wakatia vicheko. Nlinyamaza kwa heshima ya wakubwa waliomo mle ila nimeumia, na leo nasema.

Mie kila siku napiga picha kitu cha kawaida tu nlichonacho mbele yangu. Chai kabla ya zamu, chakula nnachobeba kazini, mabuti ya mvua mlangoni, dirisha mwezi wa Disemba saa kumi jioni, saa ambayo kwetu watu ndo wanatoka kusali laasiri, hapa Leicester ishakuwa magharibi. Sipigi ili mtu asifu. Napiga maana haya ndo maisha yangu, hiyo Big Ben siishi nayo.

Sasa sikilizeni. Nlipohama nyumba mwaka jana wakala wa nyumba akataka kunikata pauni mia nne kwenye dipoziti, ile amana unayoweka ukipanga, anasema nimepasua kioo cha jiko la umeme. Pauni mia nne, pigeni hesabu wenyewe, na mtu anatuma nyumbani kila mwezi. Sheria ya England inamtaka mwenye nyumba aiweke dipoziti yako kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30, na kwa nyumba zetu hizi za kawaida haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5. Mkigombana mfuko una mwamuzi, hulipi kitu, anaangalia ushahidi. Nikarudi kwenye picha zangu. Usiku wa kwanza kwenye nyumba ile nlipika mkate wa kumimina nikaupiga picha ungali kwenye kikaango, na pembeni ya kikaango ufa ule unaonekana wazi, tarehe ipo. Pesa yangu ilirudi yote. Basi unaetaka kuja huku, siku unayopewa funguo usiweke hata begi chini, piga jiko, zulia, ukungu ukutani, na mita ya umeme namba zionekane, maana usipowapelekea kampuni ya umeme namba zile wanakukadiria bili na utalipa makadirio yao.

Lakini hata pasingekuwa na pesa ningepiga.

Mamaangu ndo anaenielewa. Kila mchana anamwambia mdogo wangu anitumie picha ya kilichopikwa. Leo wali wa nazi na mchuzi wa changu, kesho muhogo na papa mkavu. Mama ukimpigia simu ukamuuliza hali, jibu lake ni alhamdulillahi hata kama hapana kitu, ndivyo alivyo na hatobadilika. Ila sahani haifichi. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, ngarawa haziendi na samaki anapanda bei, nkaona siku ya pili mfululizo mchana ni chai ya rangi na boflo, sihitaji kuuliza wala kuambiwa, natuma pesa. Na yeye vilevile ananisoma mie. Kuna kipindi zamu zilinielemea nikawa nakula tambi za maji moto tu, akanipigia usiku, mwanangu mbona sioni mboga. Nani mwengine huku angeniuliza hivyo?

Na picha za majumba tunazo tele jamani. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ipo tangu 1930, mzee Ranchhod Oza na baadae mwanawe wametupigia harusi na wakubwa wa nchi na mitaa. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, lilijengwa 1883, na sehemu yake ilipoporomoka 25 Disemba 2020 dunia nzima ilikuwa na picha yake. Haya, jiko la bibi yangu Wete, Pemba, lipo picha gani? Mafiga, mbuzi ya kukunia nazi iliyolainika kwa kukaliwa, kifumbu, upawa, kawa la ukindu lenye mistari ya zambarau, jamvi la karafuu uani. Banda limevunjwa, imejengwa nyumba ya matofali, alhamdulillahi nzuri, lakini ukoo mzima hakuna mwenye hata picha moja, ya bibi tunayo yuko ukutani kavaa nguo ya harusi ya mtu. Wajukuu waliozaliwa Muscat na huku hawajui hata kifumbu kinashikwa vipi kukamua tui, utawaonesha nini?

Kwa hiyo nyinyi mlio nyumbani, na wewe unaesubiri viza, acheni kujipiga uwanja wa ndege tu. Zungukeni nyumba, pigeni vyombo, pigeni sinia la futari kabla watu hawajanyoosha mikono, pigeni mikono ya mama ikisukuma chapati. Na mkinitumia kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa inapoteza ubora na ile tarehe ya kupigwa inayokaa ndani ya picha haiji nayo. Mdogo wangu nishamwambia aanzie kwa mama mkubwa, jiko lake la kuni bado limesimama na fundi anakuja kulivunja mwezi ujao.